Harusi ufukweni Unguja Januari 2027: mvua itatuacha salama?

#1 Bwana Harusi Mtarajiwa
Wakuu, salaam. Mimi nipo Dar, mwenzangu yupo Arusha, na mpaka sasa tumekubaliana jambo moja tu: harusi ifanyike Unguja, ufukweni, jioni, viti mchangani, jua likizama. Mengine yote ni ugomvi.

Yeye anataka Desemba kwa sababu ndugu wanakuwa likizo. Mimi nasema Desemba vuli haijaisha, twende Januari. Mama mkwe mtarajiwa anasema Julai, "maana Julai hainyeshi". Kaka yangu, mwenyekiti wa kamati, ndiye kaharibu kabisa: anasema Aprili, eti hoteli zinashusha bei tukabaki na chenji ya kukodi bendi.

Swali langu: ni wikiendi gani mvua haitatuharibia? Wageni kama 120, wengi wanatoka bara, na kuna wazee. Nawaomba waliowahi kufanya au wanaoijua hali ya hewa ya kule. Za "Mungu ndiye anajua" nimeshaambiwa nyumbani.

#2 Chawa Mwandamizi
Kabla hatujafika mbali: kati yenu wawili, nani aliwahi kula ukoko ndani ya sufuria? Si wanasema mla sufuriani hunyeshewa siku ya harusi yake. Jibu kwa ukweli, hapa hakuna atakayekuhukumu.

#3 Dada wa Mapambo
Mkuu, Aprili ifute. Nimepamba harusi za ufukweni miaka kadhaa na Aprili sipokei kazi ya nje hata kwa malipo ya awali. Bei hazishuki kwa huruma, zinashuka kwa sababu ya masika, na hoteli nyingine zinafunga kabisa Aprili na Mei kufanya ukarabati. Utaikuta hoteli nzuri, wahudumu wachache, bwawa la kuogelea limekaushwa, na mafundi wanapaka rangi nyuma ya madhabahu yako.

Niliwahi kuokoa harusi moja ya Aprili kwa kuhamishia kila kitu kwenye chumba cha kulia chakula. Bibi harusi aliingia akipita kando ya meza ya matunda. Mwambie kaka yako bendi haitapiga ikiwa nyaya zimelowa.

#4 Kipimamvua
Ngoja niliweke kwa utaratibu kidogo. Mvua za kule zinafuata jua. Ule ukanda wa mawingu mazito unaozunguka karibu na ikweta huhama kusini na kaskazini kwa mwaka, kwa hiyo pwani yetu unapita mara mbili. Ukielekea kaskazini tunapata masika, Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo kilele. Ukirudi kusini tunapata vuli, Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna mapengo mawili: Juni hadi Septemba, na Januari na Februari.

Tofauti ambayo watu hawaijui ni kwamba masika huwa na uhakika zaidi. Vuli ni kigeugeu. Kuna mwaka inakuja manyunyu tu watu wanalia njaa, mwaka mwingine inamwaga mpaka madaraja yanakwenda. Kwa hiyo Desemba si kwamba utanyeshewa, ni kwamba hakuna anayeweza kukuahidi kitu.

Januari na Februari ni chaguo zuri. Na vimbunga usiviogope, Tanzania hatuna, tupo karibu mno na ikweta.

#5 Mtu wa Mafia
#4 hapo mwisho umeteleza. Hidaya ilitua kwetu Mafia Mei 4, 2024. Nilikuwepo. Ukituambia Tanzania hakuna vimbunga tutakuonyesha minazi.

#6 Mwanahistoria wa Baraza
Namuunga mkono #5. Tena Unguja yenyewe ilipigwa Aprili 1872, enzi za Sultan Barghash, mikarafuu mingi ya kisiwa ikalala chini. Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ni habari ya Pemba. Lindi nao walipata chao mwaka 1952, mwezi huo huo wa Aprili.

#7 Kipimamvua
Nimekubali, nilisema kwa mkato. Ukaribu na ikweta hufanya vimbunga viwe adimu, kwa sababu ule msukumo wa kuzunguka kwa dunia unaoviviringisha ni dhaifu huku. Adimu si sawa na hakuna. Jobo ya Aprili 2021 ilitutia hofu wote halafu ikafa baharini kabla ya kufika. Ila mnaona wenyewe: Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Kwa mtu wa Januari ushauri wangu haubadiliki.

#8 Nahodha Mstaafu
Assalaam alaykum vijana. Nasoma hapa tangu juu, mvua, mvua, mvua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya maji.

Nyie watu wa bara mnadhani bahari inakaa pahala pamoja kama ziwa. Hapa kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 4 hivi. Huko Paje na Jambiani maji yakipwa yanakwenda mpaka karibu na mwamba, utatembea mpaka uchoke hujayafikia. Bwana harusi atasimama mbele ya matope, mawe na vigingi vya mwani, na kinamama wa mwani watapita nyuma ya padri na viroba vyao kichwani, kwa sababu ile ndiyo saa yao ya kazi na hawana habari na harusi yako.

Mvua ikija unaweza kukimbilia ndani. Bahari ikishakukimbia utaifanya nini?

#9 Mke wa Mtu 2022
#8 Mzee wangu umenitonesha kidonda. Nilifunga ndoa Jambiani, mwezi wa nane. Mvua? Hata tone. Mbingu safi kama sahani. Lakini nilipofika pale saa 10 jioni bahari haikuwepo. Haikuwepo kabisa! Nikamuuliza mhudumu "bahari iko wapi", akaninyooshea kidole kule mbali kabisa kwenye mstari mweupe.

Halafu jingine ambalo hakuna aliyetuambia: upande ule ni mashariki. Jua linachomoza baharini, halizamii baharini. Lilizama nyuma ya jiko la hoteli. Picha zangu zote za machweo zina tangi la maji.

Kwa uzuri tu, ukitaka alfajiri, Jambiani hakuna mfano. Lakini utawapata wapi wabara 120 wa kuamka saa 11 alfajiri?

#10 Mlalahoi wa Temeke
"Bahari haikuwepo." Nimecheka mpaka abiria mwenzangu kwenye daladala kaniuliza kulikoni.

#11 Bwana Harusi Mtarajiwa
Asanteni sana. Nahodha, shikamoo. Kumbe nilikuwa nauliza swali nusu. Basi tuseme upande wa magharibi, Kendwa au karibu na Nungwi. Tarehe ninazozifikiria ni Jumamosi mbili, Januari 16 au Januari 23. Zina tofauti yoyote kwa upande wa maji?

#12 Nahodha Mstaafu
Marahaba mwanangu. Sasa umeuliza.

Kwa pwani hii kuna kanuni ya wazee ambayo haihitaji simu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza umeandama, maji hujaa karibu na saa 10 jioni, na asubuhi ya saa 4 au 5 yamepwa. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50 hivi. Mwezi ukifika nusu mambo yanageuka: jioni ndiyo yanapwa. Lakini hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana.

Mwezi mpevu wa Januari 2027 ni Ijumaa ya tarehe 22. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 23 ni bamvua, maji yatajaa baina ya saa 10 na nusu na saa 11 na nusu jioni. Tarehe 16 ni nusu mwezi, jioni utakuta maji yako chini, ila ni maji mafu, na Kendwa hayaendi mbali kama mashariki. Hakikisha kwenye jedwali la maji la bandari, usije ukaniita muongo kwa robo saa.

Na hiyo 23, jua likishazama tu haitapita saa nzima mwezi utapanda upande wa pili. Taa za kukodi punguza.

#13 Fundi Turubai
Kwa heshima zote kwa mzee #12, hiyo ya bamvua nina kesi nayo. Mimi ndiye ninayekuja kuchomeka nguzo. Kuna harusi niliifanya upande huo huo wa magharibi, mwezi mpevu. Tulipanga viti saa 8 mchana, ufukwe mpana, safi kabisa, tukaenda kula. Kurudi saa 10 na nusu safu mbili za mbele zinaelea. Zulia jekundu lilikuwa linakwenda Pemba. Kijana wangu aliingia baharini na suruali ya kazi kuvua maua.

Maji yakijaa vizuri yanapendeza kwenye picha, sawa, lakini bamvua inameza ufukwe mpaka kwenye ukuta wa hoteli. Mimi ningechukua 16, maji mafu, najua nguzo zangu zinasimama wapi.

#14 Nahodha Mstaafu
#13 fundi, kosa si la bamvua. Kosa ni la nani aliyepanga viti saa 8. Tazama ule mstari wa majani makavu na takataka mchangani, ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Juu ya mstari ule pangeni, tena mwongeze hatua kadhaa kwa sababu ya mawimbi. Na ibada ianze saa 11 na nusu, si saa 10. Wakati huo maji yameshafika mwisho au yameanza kutoa.

#15 Fundi Turubai
Juu ya mstari ule pale palikuwa na ukuta, mzee. Ndiyo maana nasema hoteli na hoteli. Hakuna tarehe nzuri kama ufukwe wenyewe ni mwembamba.

#16 Kijana wa Sabasaba
Mimi nilioa Nungwi Januari 2020, na huo ushauri wa "Januari hainyeshi" nilipewa na kila mtu. Kuanzia saa 7 mchana iliteremka mvua ya mfululizo mpaka saa 2 usiku. Keki iliyeyuka upande mmoja ikawa inaonekana kama Mlima Meru. Ile ilikuwa El Niño, na El Niño ikija haijali Januari wala Februari. Kwa hiyo uliza kwanza kama kuna El Niño ndipo upange.

#17 Kipimamvua
Pole #16, lakini msimu ule haukuwa El Niño. Vuli ya 2019 ilikuwa kubwa kwa sababu ya Bahari ya Hindi yenyewe: maji ya upande wetu wa magharibi yalipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, hewa yenye unyevu ikajazana huku, mvua ikavuta hadi Januari. Wataalamu wanaiita dipoli. El Niño ni joto la Pasifiki. Mara nyingine vinakuja pamoja, kama 1997 na 2023, na hapo ndipo tunaona maajabu. Mara nyingine kimoja kinakuja peke yake.

#18 Kijana wa Sabasaba
Keki yangu haikuuliza joto limetoka bahari gani.

#19 Mama Wawili Mbagala
Nahisi mnazunguka. Siku hizi misimu yote imeharibika, tabianchi imebadilika, masika inakuja ikitaka. Zamani tulikuwa tunajua kabisa tarehe za kupanda.

#20 Mwanahistoria wa Baraza
#19 ni kweli dunia inapata joto, lakini hilo la "zamani tulikuwa tunajua" babu yangu naye alilisema, na babu yake yeye aliwahi kulisema. Kila kizazi kinaikumbuka mvua ya utoto wake ikiwa na adabu.

#21 Mtu wa Mafia
Mimi nina maelezo mengine kwa kesi ya #16. Kati ya Desemba na Machi angalieni kule Madagascar na mkondo wa Msumbiji. Kukiwa na kimbunga kule chini, hata kama hakitukaribii, kinavuruga pepo zetu. Mara kinavuta unyevu wote kwenda kwake tunabaki na jua kali, mara kinaburuta hewa ya Kongo kuja huku na mvua inashuka siku tatu. Wavuvi hawaangalii mawingu ya juu yao tu.

#22 Chawa Mwandamizi
Dipoli, tabianchi, Madagascar. Na mke wa #16 kula kwenye sufuria je? Mbona mnalikwepa?

#23 Kijana wa Sabasaba
#22 alikula. Mama yake amethibitisha.

#24 Chawa Mwandamizi
Nafunga mafaili.

#25 Binti wa Makunduchi
Naomba nimtetee mama mkwe. Julai hajakosea sana. Baada ya masika inaingia kipupwe, hewa baridi kidogo, jasho halipo, mapambo ya uso yanakaa. Kuna vijimvua vya mchoo hapo katikati, vinapita dakika kumi vimekwisha, hata mtu hafungi mwavuli vizuri.

Shida ya Julai ni kusi. Upepo ule kwetu upande wa kusini na mashariki si mchezo. Paje msimu ule wageni wa vishada wanarushwa majini kama karatasi, sasa wewe umevaa shela la mita 3. Upande wa magharibi kisiwa chenyewe kinakinga, kwa hiyo Kendwa Julai inawezekana kabisa. Na pia Julai ndiyo watalii wengi na ndiyo Mwaka Kogwa kwetu, vyumba weka mapema.

#26 Mlalahoi wa Temeke
#25 upepo wa ufukweni tuachie, zungumzia upepo wa njiani! Wageni 120 wa bara wanapanda boti. Kusi ikikaza, mkondo wa Unguja na boti ya mwendo kasi ni kipimo cha imani. Tulikwenda harusi ya binamu mwezi wa saba, boti nzima ilikuwa kimya kama kaburini, wahudumu wanagawa mifuko. Shangazi mifuko ikamuishia, akatumia kofia ya shemeji. Kofia ya harusi. Mpya.

Walioalikwa walifika, ila hakuna aliyekula hadi kesho yake. Kamati ikasema chakula kilibaki kwa sababu mpishi alizidisha.

#27 Mke wa Mtu 2022
Kofia jamani.

#28 Dada wa Mapambo
Nirudi kwenye kazi. Watu wakipanga harusi ya nje wanatengea mvua pesa, upepo hawautengei chochote. Katika harusi zangu upepo umeharibu nyingi kuliko mvua. Mishumaa usiilete, utawasha mpaka useme amina. Vitambaa vya meza viwe na vibano au mawe yaliyoshonwa kwenye pindo. Maua marefu kwenye vyombo vyembamba yanaanguka yote kwa pamoja kama waliambizana. Na kipaza sauti lazima kivishwe sponji, la sivyo viapo vyote kwenye video vitasikika "fuuu fuuu ndiyo fuuu".

Januari ni kaskazi. Unatoka kaskazini mashariki, Kendwa unaangalia magharibi, kwa hiyo unaupa mgongo. Nungwi pale kwenye ncha ni tofauti, ukigeuka kona tu unakukuta usoni. Usichanganye hizo mbili kwa sababu zipo jirani.

#29 Mpishi Keki
Dada umesahau joto. Kaskazi Januari na Februari mchana ni nyuzi 32, 33, na unyevu wa bahari juu yake unaifanya ionekane zaidi. Krimu ya siagi nje haimalizi saa moja. Keki ikae ndani kwenye kiyoyozi, itoke ikiwa inakwenda kukatwa, si kutazamwa. Na wazee msiwaketishe juani saa 10 wakisubiri maharusi wanaochelewa. Naongea kama mtu niliyemwagia maji babu wa watu akidhaniwa amezimia, kumbe alikuwa amelala.

#30 Ustadh Mdogo
Jambo ambalo halijaguswa. Mwenye uzi ukisogeza kutoka Januari kwenda Februari 2027, Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kuandama mwezi. Unguja mchana wa Ramadhani si pahala pa kufanya karamu ya wazi ufukweni, hata kama hoteli itakukubalia. Vijiji vipo pale pale.

#31 Katekista
Nyongeza kwa #30: na kama ndoa ni ya kanisani, Jumatano ya Majivu mwaka huo ni tarehe 10 Februari. Kwaresma na Ramadhani zinaanza zikipishana siku mbili tu. Kwa hiyo lile pengo la kiangazi mnalolisifu la Januari na Februari, kwa mwaka 2027 ni Januari na wiki moja.

Halafu muulize paroko wako mapema kama atakubali kufungisha ndoa mchangani. Wengi hawakubali, wanataka kanisani. Watu wanafunga ndoa kanisani kwanza, ufukweni wanafanya baraka na sherehe.

#32 Bwana Harusi Mtarajiwa
Hili la #31 ndiyo kwanza nalisikia na nimeshalipa nusu ya hoteli. Ngoja nikampigie paroko. Halafu simu yangu, nikitazama hali ya hewa ya Kendwa, kila siku inaonyesha wingu lenye matone na radi. Siku kumi zote! Ni kweli au?

#33 Kipimamvua
Ile picha ya wingu ni moja kwa siku nzima. Kama kuna uwezekano wa mvua ya robo saa alfajiri, programu nyingi zinakuwekea matone siku nzima. Fungua saa kwa saa. Na mvua zetu za pwani ni za vipande: inanyesha Mjini, Kendwa wanaota jua. Programu inachukua mraba mkubwa na kukupa jibu moja.

Utaratibu wangu ungekuwa huu. Sasa hivi tumia kumbukumbu ya misimu tu, usifungue simu. Utabiri wa msimu wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukitoka usome, ukisema vuli itavuta hadi Januari hapo ongeza bajeti ya turubai. Zikibaki siku 10 bado usiamini kitu. Zikibaki 5 fuatilia tahadhari zao za siku tano, za mvua, upepo na mawimbi. Siku mbili kabla ndiyo unaamua: nje au ndani. Na mwamuzi awe mtu mmoja asiye bibi harusi.

#34 Dada wa Mapambo
#33 mstari wa mwisho uandikwe ukutani. Bibi harusi ataangalia mawingu meusi aseme "yatapita". Na mwamuzi awe na saa ya mwisho. Kwangu ni saa 6 mchana siku yenyewe, ikipita hapo sihami na sihamishi. Kamati ya watu kumi na tano ikianza kujadili wingu, wingu linawahi kunyesha.

#35 Jirani wa Sheikh
Kuna mzee huku Kaskazini anafunga mvua. Simtaji. Watu wa sherehe wanamwendea kimya kimya, hata wenye hoteli.

#36 Kipimamvua
Akifunga mwezi wa Julai?

#37 Jirani wa Sheikh
Miezi yote. Bei ya Aprili ni mbali.

#38 Mlalahoi wa Temeke
Basi hata yeye anasoma utabiri.

#39 Binti wa Makunduchi
Mimi bibi yangu alikuwa akisema mvua ya harusi ni baraka, ardhi imekubali. Alisema hivyo harusi zote zilizonyeshewa. Zilizokuwa kavu alisema jua ni baraka.

#40 Fundi Turubai
Mwenye uzi, ukija kukodi turubai usikubali lile la bomba jepesi la sherehe za mtaani. Mchangani kigingi hakishiki, lazima nguzo zifungwe kwenye viroba vya mchanga au mapipa ya maji. Na turubai la kuzuia jua si la kuzuia mvua, maji yanajaa katikati linakuwa tumbo, halafu linawamwagia wageni wa meza kuu. Uliza hoteli kama wana banda la makuti la watu 120. Likiwepo, nisikudanganye, huna haja na mimi.

#41 Nahodha Mstaafu
Fundi mkweli kama huyu harusi zangu zote nampa yeye.

#42 Mwanahistoria wa Baraza
Mzee umefunga ngapi?

#43 Nahodha Mstaafu
Rudini kwenye hali ya hewa.

#44 Bwana Harusi Mtarajiwa
Nimerudi wakuu. Paroko amesema ndoa kanisani, ufukweni tutabarikiwa. Tarehe tumeandika Januari 23, Kendwa, saa 11 na nusu, viti juu ya mstari wa takataka. Nimeuliza upana wa ufukwe maji yakijaa, meneja akasema "upo wa kutosha", nikamwambia anipigie picha siku ya mwezi mpevu, hajajibu mpaka sasa. Banda la makuti wanalo, ila la watu 80, kwa hiyo 40 ni wako Fundi. Mwamuzi wa wingu nimempa dada yangu, yeye haogopi mtu.

Mama mkwe bado ni Julai. Kaka bado ni Aprili, sasa amesikia kuna mtu wa kufunga mvua.

Na lile swali la #2, nimemuuliza mwenzangu jana. Amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ukoko wa pilau nao unahesabika.

#45 Chawa Mwandamizi
Unahesabika mara mbili.

#46 Fundi Turubai
Sufuria ya ukubwa gani? Nijue nilete turubai la mita ngapi.